Picha za Nyangumi na Mkono wa Mwenye Chusa

Kwa karne nyingi, wasomi wa Ulaya waliotunga vitabu vya elimu ya wanyama walimchora nyangumi kwa habari za kusikia. Conrad Gessner wa Zürich, katika juzuu yake ya viumbe vya majini ya mwaka 1558, alitia picha zilizonakiliwa kutoka ramani ya Olaus Magnus, kasisi wa Uswidi, iliyopigwa chapa Venice mwaka 1539. Na humo waonekana mabaharia waliotia nanga mgongoni mwa nyangumi na kukoka moto, wakidhani ni kisiwa. Hata mnyama alipojileta pwani mwenyewe, ukweli haukupatikana wote: mwaka 1598 nyangumi alikwama Berckhey, Uholanzi, na katika picha aliyoichonga Jacob Matham juu ya bamba la shaba pezi la ubavu limekaribiana mno na jicho, hata lashabihi sikio.

Walioleta sahihisho ni watu wa merikebu za uwindaji. Thomas Beale, tabibu Mwingereza aliyesafiri nazo toka 1830 hata 1833, alitoa mwaka 1839 kitabu juu ya nyangumi yule mwenye kichwa kikubwa, ambaye ambari itokayo matumboni mwake wafanyabiashara wa pwani yetu waliijua tangu kale. Naye Mmarekani J. Ross Browne, aliyeiacha merikebu yake Unguja, alitoa mwaka 1846 kitabu chenye picha, akieleza dhuluma walizotendewa mabaharia wa kazi hiyo.

Lakini hakuna anishughulishaye fikira kama nahodha Charles Scammon. Katika majira ya 1857 na 1858 aliingiza merikebu katika ghuba ya Ojo de Liebre, Meksiko, ambako nyangumi wa kijivu huja kuzaa katika maji ya kina kifupi, na huko akawaua mama wenye ndama. Na kwa kuwa mama hao waliwatetea wana wao kwa kuvunja mashua, mabaharia waliwaita mashetani. Mtu huyo huyo aliyewapima vipimo wakichunwa ndiye aliyetoa, San Francisco mwaka 1874, kitabu ambacho picha zake zimekuwa marejeo kwa wataalamu, na ndani yake akakiri kwamba ghuba zile zimekaribia kuwa tupu, na kwamba huenda jinsi hiyo ikatoweka kabisa. Usahihi wa picha zile ulinunuliwa kwa damu, na mwenye kuzitazama hana budi kulijua hilo.

Nyangumi wa kijivu wa Atlantiki walikwisha kutoweka kabla ya Scammon kuzaliwa. Wale wa Pasifiki ya mashariki, baada ya mapatano ya mataifa ya mwaka 1946, waliongezeka tena, na ghuba ya Ojo de Liebre leo ni hifadhi.