Kamalwa: Tarehe ya Neno la Kale Bungoma na Kitale

Kabla reli haijafika Bungoma, na kabla mashamba ya Kitale hayajapimwa, Wabukusu walikuwa wakiiita pombe yao kamalwa. Neno hili lina umri mkubwa kuliko Wabukusu wenyewe. Watswana husema bojalwa, Wabemba ubwalwa, Wazulu utshwala, na wanaisimu huyarudisha yote kwenye shina moja la Kibantu cha kale. Ng'ambo ya Mlima Elgon, Uganda, ni malwa. Wabukusu wameliweka katika ngeli moja na kamechi, yaani maji, na kamabeele, yaani maziwa. Kwangu huo ni ushahidi tosha kwamba pombe ilihesabiwa miongoni mwa mahitaji ya nyumba.

Kiini chake ni wimbi. Hulowekwa mpaka uchipue, huanikwa, kisha husagwa ukawa kimea. Unga mwingine hukandwa, huachwa uchachuke, halafu hukaangwa motoni mpaka ubadilike rangi na kunukia. Unga huo ukikutana na kimea majini, chungu huanza kufura chenyewe. Wazee hukizunguka, kila mmoja na lusekhe wake, mrija mrefu wenye chujio nchani, na maji ya moto huongezwa kadiri wanavyonywa. Wabukusu hutahiri miaka ya shufwa, mwezi wa Agosti, na kijana mwenyewe humimina maji kwenye kimea cha pombe ya sherehe yake. Pombe ya namna hiyo haikuwa ya ulevi. Ilikuwa ya kuwaita watu wa ukoo, walio hai na waliotangulia.

Wamisionari wa Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902, waliwakataza waumini wao wasinywe kamalwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walowezi wakagawiwa mashamba ya Trans Nzoia, eneo la Kitale, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Mahindi yakatawala mashamba yale, na vibarua wengi walitoka Bungoma. Unga wa mahindi ukaingia chunguni, na jina lililovuma mitaani likawa busaa. Akina mama wengi wamesomesha watoto kwa kuiuza.

Linaloniuma ni busaa kutiwa kapu moja na chang'aa, ambayo hukenekwa na ni kali mara nyingi zaidi. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na marufuku hiyo ikafutwa mwaka 2010. Miaka yote hiyo wapishi wa busaa nao waliishi wakiwakimbia askari, na vyungu vyao vikimwagwa.