Leta, jina linalosema lenyewe: kwa nini raia wa Kongo anaiogopa serikali kuliko kuiamini

LUBUMBASHI. Jumamosi iliyopita, saa ya salongo, tulikuwa tunazibua mfereji pamoja na majirani. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliegemea koleo lake akauliza: « Hii kazi tunamfanyia nani? » Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akamjibu bila kuinua kichwa: « Tunamfanyia Leta. Na wewe sikia vizuri jina lake. Haitwi Pokea, anaitwa Leta. »

Wote tulicheka, kisha tukanyamaza. Neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha Wabelgiji, na midomo yetu ikalizoea mpaka likawa letu. Lakini kwa masikio ya mtu anayesema Kiswahili, jina la serikali ni amri: leta kodi, leta kuku, leta mikono yako. Mzee alifanya mzaha, ila ndani ya mzaha wake mna historia ya zaidi ya miaka 130. Ndugu msomaji, tuipitie pamoja, maana bila kuijua hatuwezi kuelewa kwa nini mtu wetu akiona karatasi yenye muhuri wa serikali, jambo la kwanza analojiuliza ni: wanataka nini tena?

Mvunja mawe

Kabla ya Leta kulikuwa na Bula Matari. Ni jina la Kikongo, maana yake mvunja mawe. Watu wa chini ya mto walimpa Stanley alipokuwa akipasua miamba ili kupitisha barabara kando ya maporomoko, kuanzia mwaka 1879, akimtumikia mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Stanley alikwenda zake, jina likabaki. Wazungu wote wa serikali wakaitwa Bula Matari, na serikali yenyewe pia. Angalia basi: watu wetu hawakuiita serikali baba, wala mlinzi. Waliiita kitu kinachovunja.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold alitangaza Dola Huru ya Kongo. Huru kwa nani? Haikuwa na bunge, haikuwa na mpiga kura hata mmoja, na mwenye nchi hakukanyaga ardhi ya Kongo mpaka kufa kwake. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni yake. Msitu wa kuwinda na shamba lililopumzishwa, kwa macho yake, havikuwa na mtu.

Kisha kikaja kilio cha mpira. Kijiji kilipangiwa vikapu vya kuleta. Kisipotimiza, wanawake walishikwa mateka, askari wa Force Publique walichoma nyumba, na mikono ya watu ilikatwa. Mwaka 1903 sheria ilisema kodi ya kazi isizidi saa 40 kwa mwezi. Kwenye karatasi ilikuwa sheria nzuri. Msituni, mtu alipoteza siku nyingi zaidi ya hizo akitafuta mti wa mpira ambao haujakauka. Hapo ndipo babu zetu walipojifunza somo ambalo bado tunalo: maneno ya serikali ni kitu kimoja, na mkono wake ni kitu kingine.

Hapa kwetu Katanga, Msiri, mfalme wa Bunkeya, alikataa kujiweka chini ya bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na ofisa wa msafara wa Stairs, msafara ambao wapagazi wake wengi walikuwa Waswahili kutoka pwani ya mashariki. Lakini tusidanganyane. Msiri naye alikuwa mtawala mkali, aliyejitajirisha kwa pembe na watumwa, na waliokuwa chini yake hawakulia wote. Tatizo la mamlaka yasiyo na wa kuyauliza halikuletwa lote na meli ya mzungu. Wazungu waliliongezea bunduki na daftari.

Kodi, pamba na fimbo

Mwaka 1908 Ubelgiji ulichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake, baada ya kelele za dunia nzima. Sheria mpya ya koloni ilikataza kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya kampuni au ya mtu binafsi. Je, shuruti iliisha? Ilibadili nguo tu.

Kwanza ilikuja kodi ya kichwa, iliyotakiwa kwa pesa. Mwanaume wa kijijini asiyekuwa na franka alizipata wapi? Ilimbidi aende kuzitafuta kwa mzungu. Ndivyo wengi walivyofika katika migodi ya Union Minière na katika mji huu wetu, ulioitwa Elisabethville. Si wote waliofungwa kamba shingoni. Kodi ilikuwa kamba yenyewe.

Pili ilikuja pamba. Kuanzia mwaka 1917 serikali iliruhusiwa kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikawa 120. Theluthi ya mwaka mzima! Wazee waliotoka Kongolo na Kabalo wanakumbuka simulizi za wazazi wao: bei haikupangwa na mkulima, mnunuzi alikuwa mmoja, na asiyelima alipelekwa gerezani au alilazwa chini akapigwa fimbo ya ngozi ya kiboko, ile iliyoitwa chikoti.

Tatu, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma walikusanyika katika uwanja wa mpira hapa Lubumbashi. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, nao waliomba mshahara wa kuwatosha. Askari waliwafyatulia risasi, na makumi ya watu walikufa. Ugomvi ulikuwa kati ya mfanyakazi na kampuni. Serikali, iliyopaswa kusimama katikati, ilisimama upande mmoja.

Ni kweli, wakati wa Wabelgiji palikuwa na hospitali, shule za msingi na barabara. Wako wazee wanaozitamani, na hatuwezi kuwaita waongo. Lakini waulize nani alizifyeka barabara zile kila juma bila malipo. Watajibu: ni sisi.

Historia hii haikuandikwa na maprofesa peke yao. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumba za wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha hapa kwetu historia ya mji huu jinsi wafanyakazi walivyoiona. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora nchi nzima kwa rangi, na mtu anayechapwa fimbo mbele ya macho ya wakubwa anarudi katika picha zake. Mmoja mtumishi, mwingine mchoraji, na wote wawili waliiangalia serikali kutoka chini, mahali ambapo kiatu chake kinaonekana kabla ya uso wake.

Bendera mpya, mfereji uleule

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Mobutu alichukua mamlaka tarehe 24 Novemba 1965, na mwaka 1967 akaanzisha chama chake, MPR. Baadaye katiba ilisema kwamba kila Mzaire ni mwanachama, hata mtoto mchanga ambaye hajaijua titi ya mama yake. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wananchi. Wananchi gani? Waliopewa walikuwa wakubwa na jamaa zao, na maduka mengi yalikauka kwa muda mfupi. Mwaka 1976 yeye mwenyewe, mbele ya umati, aliwaambia watumishi wa serikali kwamba wakiiba, waibe kidogo na kwa akili. Mkubwa akisema hivyo hadharani, mdogo aliye kaunta anaelewa nini?

Salongo nayo ilizaliwa katika miaka hiyo ya 1970. Jina la Kilingala, maneno ya fahari na uzalendo, na kazi ya lazima. Kwa mtu aliyekumbuka siku 60 za pamba, tofauti ilikuwa wapi?

Ndipo watu wakaitungia nchi sheria yao wenyewe: Ibara ya 15, jisaidieni. Wengi husema ilianzia Kasai ya Kusini wakati wa Kalonji, mwaka 1960. Lakini Kongo nzima iliikubali kuliko sheria yoyote iliyopigiwa kura.

Na kweli tulijisaidia. Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi waliwalipa, na makanisa yakashikilia shule zisifungwe. Mwaka 1993 serikali ilipotoa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, watu wa Kasai zote mbili waliikataa wakaendelea kutumia noti kuukuu. Fikiri jambo hilo: pesa ni karatasi inayosimama kwa neno la serikali, na mikoa miwili ikasema neno lako hatulitaki. Hakuna risasi iliyohitajika. Imani ilikuwa imekwisha.

Basi tuishi bila serikali?

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema Leta afe tu, tutajipanga wenyewe. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba, nami ninaelewa. Lakini tuangalie mashariki, Kivu, mahali serikali ilipolegea kabisa. Je, raia alipumzika na kodi? Mwaka 2017 watafiti walihesabu bariyeri karibu 800 katika barabara za Kivu mbili. Nyingine za jeshi, nyingine za watumishi wa serikali, nyingine za makundi yenye silaha. Mama anayebeba gunia la mihogo analipa kwenye kila kamba. Leta mmoja alipodhoofika walizaliwa Leta wengi wadogo, kila mmoja na bunduki yake, na hakuna hata mmoja unayeweza kumpeleka mahakamani.

Kwa hiyo swali letu lisiwe kama serikali iwepo au isiwepo. Tuulize: ina haki ya kutuomba nini, na sisi tuna haki ya kuidai nini?

Ajabu ni kwamba jibu tunalo tayari. Katiba tuliyoipigia kura ya maoni mwezi wa Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006, imeandikwa na watu waliokuwa na mashaka kama yetu. Ibara ya 16 inakataza kumlazimisha mtu kazi ya shuruti. Ibara ya 28 inasema hakuna anayepaswa kutimiza amri ambayo ni wazi inavunja sheria. Ibara ya 174 inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Na ile Ibara ya 15, ya kweli, inasema nini? Inasema kwamba ni wajibu wa mamlaka ya nchi kuhakikisha ukatili wa kingono unakomeshwa. Soma tena polepole. Mahali ambapo mzaha wetu unasema jisaidieni, katiba inasema serikali iwasaidie wale wasioweza kujisaidia mbele ya bunduki. Dada zetu wa mashariki hawawezi kujibiwa jisaidieni.

Mashaka yetu basi si dhambi, wala si ukosefu wa uzalendo kama wakubwa wanavyopenda kusema. Ni kumbukumbu. Babu aliyeletewa sheria ya saa 40 akafanya kazi mwezi mzima alikuwa na haki ya kutoamini. Ila mashaka yanayobaki mdomoni yanaozea humo. Tunacheka, tunatoa kitu kidogo, tunapita. Bariyeri inabaki pale kumngoja anayefuata. Mashaka yenye faida huuliza: kodi hii ni ya sheria gani? Risiti iko wapi? Pesa za mwaka jana zilijenga nini? Na kuuliza huko si kwa mtu mmoja, maana mmoja hukamatwa. Wafanyabiashara wa soko zima wakiuliza pamoja, ni jambo lingine.

Turudi kwenye mfereji wetu. Saa nne ulikuwa safi, na maji yakaanza kutembea. Yalifika kwenye kona, yakakuta mfereji mkubwa wa barabara umejaa mchanga mpaka juu, yakasimama. Tulijaribu kwa koleo, tukashindwa. Kazi ile inataka mashine, mhandisi na pesa za mji mzima.

Mzee wa reli alifuta jasho akamwambia yule kijana: « Wa kwetu tumemaliza. Huu ni wake. » Kijana akamuuliza: « Na asipokuja? » Mzee hakucheka safari hii. « Tumwendee. Miaka yote yeye ndiye anayekuja kwetu kusema leta. Siku moja twende sisi, wengi, tumwambie neno hilohilo. »