Mwanza au Ng'wanza?

Dalali wa samaki pale soko la Mwaloni Kirumba akizungumza Kiswahili, mji wake ni Mwanza. Akigeukia Kisukuma, unakuwa Ng'wanza. Hakuna aliyekosea.

Katika Kisukuma, pale Kiswahili kinapotamka "mw", mara nyingi husikika "ng'w": mwana ni ng'wana, mwaka ni ng'waka. Ndiyo maana mganga maarufu Mwanamalundi huitwa pia Ng'wanamalundi. Siri iko kwenye "w". Sauti hiyo huikunja midomo na papo hapo kuinua ulimi nyuma, karibu na koo. Basi "m" inayoitangulia huvutwa huko nyuma na kugeuka "ng'".

Wageni waliandika walivyosikia, au walivyodhani wamesikia. Mpelelezi Mwingereza John Speke, aliyefika Mwanza Agosti 1858, aliandika Muanza. Wajerumani wakaweka Muansa. "Ng'" ikabaki vinywani mwa wenyeji.

Msukuma akichekwa kwa hilo, anayecheka na asikilize redio ya London. Mwingereza huandika "handbag", lakini akiharakisha hutamka "hambag": "d" imemezwa, "n" imeifuata midomo ya "b". "Did you" huwa "dija". Neno "bank" nalo huandikwa kwa "n" ilhali kinachotamkwa ni "ng'", sawasawa na benki yetu, wala hakuna mwalimu wa imla anayekata alama kwa hilo.

Tofauti ni kwamba Kisukuma huandika badiliko lake waziwazi, kwa herufi tatu na ritifaa: Ng'w.