Bwana von Bülow Alitoka Wapi?

Juma lililopita nilipata barua ya mzee mmoja wa Old Moshi, mkoani Kilimanjaro. Ameiandika kwa mkono, kwa hati safi ya wale waliofundishwa na mwalimu mwenye fimbo, na ndani yake mna maswali mawili. La kwanza: hawa Wajerumani waliotutawala, akina von Wissmann, von Schele na von Götzen, mbona kila mmoja ni "von"? Je, walikuwa ndugu? La pili: yule Bwana von Bülow aliyeuawa katika vita na watu wa Mangi Meli mwaka 1892, alikuwa mtoto wa nani?

Swali la kwanza halina shida. "Von" kwa Kijerumani ni "wa" au "kutoka". Ni sawa na sisi tunaposema Mangi wa Moshi au Sultani wa Zanzibar. Basi si ndugu hata kidogo. Kila mmoja ametajwa kwa mahali ambapo wazee wake walikuwa na ardhi, au walidai kuwa nayo. Na hata "von" zenyewe hazilingani. Wissmann, kwa mfano, alizaliwa Wissmann mtupu. Alipewa "von" yake na Kaisari mwaka 1890, kama bakshishi kwa kuwa alikuwa amevivunja vita vya Abushiri na Bwana Heri kule pwani. Makabaila wa zamani walikuwa wakiwatazama hao wa kupewa kama wenye mji wanavyomtazama mpangaji aliyehamia jana.

Swali la pili ndilo lililonikalisha maktaba siku tatu, maana ukoo wa Bülow si wa jana. Ili kumjua mtoto huyo ni wa nani, hatuna budi kurudi nyuma karibu miaka mia nane, twende Mecklenburg, kaskazini mwa Ujerumani, nchi tambarare yenye maziwa mengi inayopakana na Bahari ya Baltiki.

Nchi hiyo mwanzoni haikuwa ya Wajerumani. Wenyeji wake walikuwa Waslavi, jamaa za Wapolandi wa leo, na mtawala wao mashuhuri alikuwa Niklot. Mwaka 1160 Niklot aliuawa akipigana na majeshi ya Heinrich, mtawala wa Saxony aliyepewa jina la Simba. Mwanawe, Pribislav, aliendelea kupigana, kisha akaona maji yamezidi unga. Mwaka 1167 akapatana na Heinrich na kurudishiwa sehemu kubwa ya nchi ya baba yake, sasa akiwa chini ya mkubwa mwingine. Uzao wa Niklot ukaendelea kutawala Mecklenburg mpaka mwaka 1918, lakini ukitawala kwa Kijerumani, na ukizungukwa na Wajerumani waliokuja kwa farasi na upanga kutafuta ardhi.

Hao waliokuja kwa farasi ndio Wajerumani huwaita Ritter, yaani wapanda farasi. Tusidanganywe na sinema. Farasi wa vita, vazi la chuma na watumishi wa kuvibeba viligharimu mali nyingi, na mtu hakuweza kuvimudu bila shamba na wakulima wa kulilima. Kwa hiyo mtawala alimkabidhi askari huyo kijiji kimoja au viwili, naye akaapa kupigana kila atakapoitwa. Kijiji kilimlisha yeye na farasi wake. Huo ndio ukabaila tuliousoma shuleni, ila pale ulikuwa na jina, uso na mipaka ya shamba.

Mwaka 1229 ndipo anapojitokeza katika hati mtu aitwaye Godofridus de Bulowe, yaani Gottfried wa Bülow, na ukoo mzima humhesabu huyo kuwa ndiye babu wa kwanza anayejulikana. Bülow ni kijiji kidogo karibu na mji wa Rehna. Sasa sikiliza jambo hili. Majina yale ya Ujerumani ya kaskazini yanayoishia na "ow" ni majina ya Kislavi. Ni majina waliyoyaacha wenyeji. Basi ukoo ambao kwa karne nyingi umekuwa mfano wa ukabaila wa Kijerumani ulichukua jina lake kutoka katika lugha ya watu walioshindwa. Ardhi ilichukuliwa na jina lake likachukuliwa pamoja nayo. Wenyeji wenyewe waliisahau lugha yao kidogo kidogo, vizazi vikipita.

Lakini makabaila wa namna ya Gottfried walikuwa mamia, na koo nyingi kati ya hizo leo hazina hata mtu mmoja. Kwa nini hawa wakadumu? Upanga peke yake haukutosha, kwa sababu vita huwamaliza wanaume. Waliokolewa na mambo yasiyosimuliwa katika hadithi za mashujaa: sheria ya urithi, Kanisa, na makaratasi.

Sheria ya urithi ilikuwa hivi. Kabaila akifa bila mtoto wa kiume, ardhi ilipaswa kurudi kwa mtawala aliyeikabidhi, na watawala hawakuwa wakiichelewa nafasi hiyo. Ndipo koo zikabuni dawa yake. Ndugu na binamu walikabidhiwa ardhi wote kwa pamoja, kwa kile Wajerumani walichokiita mkono wa pamoja, hivyo tawi moja likikauka, tawi jingine lilirithi. Sharti lilikuwa kwamba kila mmoja aweze kuthibitisha, kizazi kwa kizazi, kuwa ni damu ya yule mkabidhiwa wa kwanza. Basi nasaba kwao haikuwa mazungumzo ya wazee jioni baada ya chakula. Ilikuwa ushahidi wa mahakamani. Asiyejua jina la babu wa babu yake alilala njaa.

Upande wa Kanisa, Mabülow walifanya maajabu. Kati ya mwaka 1292 na 1375 ukoo huu ulitoa maaskofu wanne wa jimbo la Schwerin: Gottfried, Ludolf, Heinrich na Friedrich. Askofu wa zama hizo hakuoa, lakini alikuwa na wapwa na watoto wa kaka zake, na jimbo lilikuwa na mashamba, ngome na zaka. Nadhani msikilizaji wangu hahitaji kusaidiwa kuelewa hapo. Ukienda leo katika kanisa kuu la Schwerin utawakuta maaskofu wote wanne, wamechorwa wawili wawili juu ya mabamba makubwa ya shaba yaliyofuliwa na mafundi wa Flanders, nchi ya Ubelgiji ya sasa, kazi ya nakshi ambayo wataalamu huisifu mpaka leo. Katika kanisa la Doberan, lililokuwa la watawa, wana kikanisa chao pembeni, na humo mna nembo yao: ngao ya buluu yenye vitufe 14 vya dhahabu. Ukutani mna pia maneno ya utani ya kabaila mmoja anayemfukuza shetani na kumwambia kuwa yeye ni bwana mkubwa wa Mecklenburg, na ulevi wake haumhusu Ibilisi.

Juu ya nembo hiyo yupo ndege wa manjano mwenye pete mdomoni. Watu wa kaskazini husema ndege huyo akilia hutamka "Bülow", na kweli wamempa jina hilo.

Hata mabinti walikuwa na fungu lao. Mecklenburg ilipokuwa imekwisha kufuata dini ya Luther, makabaila walimbana mtawala wao aliyezama katika madeni, na mwaka 1572 akawakabidhi nyumba tatu za watawa, Dobbertin, Malchow na Ribnitz, ziwe za kuwatunza mabinti zao wasioolewa. Ili binti aingie, ilibidi ukoo wake uwe miongoni mwa makabaila "wenyeji" wa nchi. Wenyeji! Wajukuu wa waliokuja kwa upanga sasa wakawa ndio wenyeji, na makaratasi yakashuhudia hivyo.

Na yule mkulima aliyewalisha wote hao? Yeye hana kitabu. Baada ya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyokwisha mwaka 1648 na kuiacha Mecklenburg karibu tupu, makabaila walizidi kuunganisha viwanja vya wakulima na mashamba yao wenyewe. Wakulima wakageuzwa watwana, waliofungwa kwenye shamba wasiruhusiwe kuhama wala kuoa bila idhini ya bwana. Utwana huo haukufutwa mpaka mwaka 1820, na hata hapo wengi waliona heri kupanda meli kwenda Marekani. Mwaka 1780 mmoja wa Mabülow alichapisha katika mji wa Neubrandenburg kitabu kizima cha historia na nasaba ya ukoo wake. Mtwana wa shamba lao wa mwaka huo huo aliandikwa mara tatu tu katika daftari la kanisa: kuzaliwa, kuoa na kufa.

Kufikia wakati huo ardhi ilikuwa haiwatoshi vijana wote, nao wakatawanyika kutafuta vyeo. Friedrich Wilhelm von Bülow akawa jenerali wa Prussia. Mwaka 1813 aliwashinda majenerali wa Napoleon huko Grossbeeren na Dennewitz, na mwaka 1815 jeshi lake ndilo lililotokea ubavuni mwa Wafaransa katika vita vya Waterloo. Hans von Bülow akawa kiongozi wa okestra aliyesifika Ulaya nzima, ingawa mkewe alimkimbia akaolewa na Richard Wagner, mtunzi ambaye Hans mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipigania kazi yake. Bernhard von Bülow akawa Chansela wa Ujerumani kuanzia mwaka 1900 hadi 1909. Huyo ndiye aliyesimama bungeni Desemba 1897 kudai kwamba Ujerumani nayo ipate nafasi yake juani, yaani makoloni. Mwezi Juni 1905 Kaisari alimpandisha cheo, akawa miongoni mwa makabaila wa daraja la juu kabisa. Mwezi uliofuata, kule Umatumbi, watu waling'oa pamba ya Mjerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza.

Hapo ndipo tunamfikia yule wa mzee wangu. Aliitwa Albrecht von Bülow. Hakuwa mtu mkubwa katika ukoo wake. Baba yake aliwahi kuwa balozi mdogo wa Prussia katika mji wa Smyrna, Uturuki, na dada yake Frieda alikuwa mwandishi. Frieda alifika kwetu kwanza, mwaka 1887, kusaidia kuanzisha kazi ya wauguzi Zanzibar na pwani, na riwaya zake juu ya Afrika Mashariki ziliwatia Wajerumani wengi hamu ya koloni. Albrecht alikuja kama ofisa wa jeshi, akaachiwa kituo cha Kilimanjaro. Mwezi Juni 1892 aliongoza askari kumwendea Mangi Meli, mtoto wa Rindi. Wachagga wakawapiga. Maofisa wawili wa Kijerumani walikufa, Albrecht akiwa mmoja wao, na kituo cha Moshi kikaachwa. Mwaka uliofuata mambo mawili yalitokea. Frieda alirudi kuendesha shamba la marehemu kaka yake upande wa Tanga, na Gavana von Schele akapanda mlima na jeshi kubwa kulipiza kisasi. Meli alishindwa, akaishi chini ya Wajerumani, kisha mwaka 1900 wakamnyonga pamoja na wenzake wengi.

Ukoo wenyewe umefikia wapi? Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919 ilifuta upendeleo wa makabaila, "von" ikabaki kuwa kipande cha jina tu. Mwaka 1945, katika eneo lililoshikwa na Warusi, kila mwenye shamba la zaidi ya hekta 100 alinyang'anywa bila fidia, na Mecklenburg ilikuwa ndani ya eneo hilo. Lakini yale matawi yaliyoenezwa zamani yalisaidia kwa mara nyingine. Gudow, shamba ambalo Mabülow wanalo tangu mwaka 1470, liko kilomita chache tu magharibi ya mpaka uliochorwa na vita, likasalimika. Na yule Bülow aliyependwa kuliko wote katika karne iliyopita hakuwa na upanga wala shamba. Alikuwa mchekeshaji na mchoraji wa katuni, Vicco, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2011. Wajerumani walimjua kwa jina la Loriot, ambalo ni jina la Kifaransa la yule ndege wa manjano wa kwenye nembo.

Kwa hiyo mzee wangu wa Old Moshi, Albrecht ni mtoto wa Hugo, wa ukoo wa Gottfried wa mwaka 1229, na asiyeamini anaweza kufunguliwa vitabu.

Katika barua yako kuna mstari mmoja wa mwisho ambao sikuusoma mwanzoni. Unasema babu wa ukoo wako alikuwa miongoni mwa walionyongwa siku ile na Meli, na kwamba kaburi lake halina kichwa. Wengi wa Kilimanjaro wanasema hivyo, na wana haki. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya serikali mjini Berlin ilitangaza kwamba, kati ya mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi ya Wajerumani, machache yamelinganishwa kwa vipimo vya vinasaba na watu walio hai Tanzania. Fuvu moja, lililoandikwa "Akida" na kuhesabiwa kuwa la mshauri wa Mangi Meli, lilipata jamaa zake. La Meli mwenyewe lilikuwa halijaonekana. Mate ya wajukuu yalichukuliwa Kilimanjaro, yakapelekwa Ujerumani, yakasomwa huko.

Nimekuandikia barua ya pili, mzee, kwa njia ya posta. Ndani yake nimeuliza jina kamili la babu yako, na jina la baba yake, na la baba wa baba yake, hadi unapokumbuka. Tafadhali andika yote.