Mlango wa Ghala: Nani Alipewa Mtaji katika Biashara ya Butembo na Lubero

Historia ya biashara katika nyanda za juu za Lubero, na katika miji ya Butembo na Beni iliyo kaskazini mwake, haiwezi kueleweka kwa kuhesabu mali peke yake. Huanza kueleweka pale inapoulizwa ni nani aliyeaminiwa kushika mali ya wenzake, kwa sharti gani, na alijifunzia wapi kazi hiyo. Swali hilo ndilo linaloulizwa leo katika nchi tajiri kuhusu mtaji wa ubia, yaani fedha inayotolewa kwa mwenye wazo la biashara bila kudai rehani, mtoaji akikubali kubeba hasara kwa tumaini la kugawana faida. Huko pia imedhihirika kwamba fedha ya namna hiyo hufuata njia za kufahamiana, na kwamba asiyefahamika na wenye fedha hubaki nje hata kama wazo lake ni jema.

Kampuni inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza za mtaji wa ubia wa kisasa, American Research and Development, ilianzishwa Boston mwaka 1946, na kiongozi wake, Georges Doriot, alikuwa profesa wa shule ya biashara ya Harvard. Uwekezaji wake uliosifika zaidi ni wa mwaka 1957, ilipotoa dola 70,000 kwa wahandisi wawili walioanzisha kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment. Shule hiyohiyo haikuwapokea wanawake katika mafunzo yake kamili ya shahada ya uzamili ya biashara hadi mwaka 1963, jambo lenye maana kuliko linavyoonekana, kwa kuwa chuo ndicho kilichowakutanisha wenye fedha na waliozitafuta. Kwa sababu hiyo, kuanzia miaka ya 2010 kumezuka Marekani mipango ya ufadhili wa mafunzo kwa wanafunzi, mmojawapo ukiwa HBCUvc wa Hadiyah Mujhid, uliowalenga kwanza wanafunzi wa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi. Katika mipango ya aina hii mwanafunzi hufundishwa kazi ya mwekezaji na kuingizwa katika duru za wanaotoa mitaji, ili ajifunze namna maamuzi yanavyofanywa na hatimaye ayafanye mwenyewe. Wazo lenye nguvu humo ni hilo la mwisho, kwani kumpa kijana fedha ni jambo moja, na kumpa nafasi miongoni mwa wanaochagua nani apewe fedha ni jambo jingine lililo kubwa zaidi.

Lubero haikuwa na mifuko ya namna hiyo, lakini ilikuwa na biashara iliyosimama juu ya imani tangu zamani. Wanande, wanaojiita pia Wayira, walishiriki katika biashara ya chumvi ya Katwe, upande wa pili wa Ziwa Edward, ambayo ilivuka mlima na tambarare na kubadilishwa kwa vyakula na vitu vya msituni. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika mashariki ya Kongo ikiendeshwa kwa utaratibu wa mali kauli, yaani bidhaa zilizochukuliwa kwa ahadi ya kulipwa baada ya safari. Tippu Tip mwenyewe, kiongozi mashuhuri wa misafara hiyo, alitegemea mtaji wa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Utaratibu huo ulileta pia mateso makubwa ya utumwa na pembe za ndovu, wala haufai kusifiwa, lakini unaonyesha kwamba kutoa mali kwa mtu asiye na rehani ni desturi ya kale katika ukanda huu.

Ukoloni wa Ubelgiji uliufunga mlango wa mtaji kwa njia mbili. Kwanza, ardhi na madini viligawiwa kampuni na walowezi: Minière des Grands Lacs, kampuni ya madini iliyochimba dhahabu katika eneo hilo, na Comité National du Kivu, shirika lililoundwa mwaka 1928 kugawa ardhi kwa Wazungu. Butembo ilikua kama kituo pembeni mwa shughuli hizo za uchimbaji. Pili, Mkongo hakuweza kumiliki kiwanja au nyumba kwa hati binafsi hadi amri ya mwaka 1953, na asiye na hati hakuwa na rehani ya kupeleka benki. Kwa hiyo wafanyabiashara wa kwanza wa Kinande walianza na vitu ambavyo mkoloni hakuvihitaji vyote: mboga, maharage na viazi vya nyanda za juu za Lubero, ambako baridi huruhusu kabichi na vitunguu kustawi karibu na ikweta, pamoja na nafasi ndogo walizopata kwenye maduka ya Wagiriki na kwenye vituo vya misheni, ambako mtu alijifunza kuandika hesabu.

Baada ya uhuru, uasi wa mwaka 1964 uliwafukuza wageni wengi, na mwaka 1973, Rais Mobutu alipotangaza tarehe 30 Novemba kwamba biashara za wageni zitapewa raia, sehemu kubwa ya mali hiyo nchini iliangukia mikononi mwa watu wa serikali. Wafanyabiashara wa Butembo hawakuinuliwa hasa na ugawaji huo, na hapa ndipo tofauti yao na matajiri wengi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipoanzia. Mtaji wao ulikusanywa kidogo kidogo: mboga na maharage vilipelekwa Kisangani, kahawa na papaini, yaani utomvu wa papai unaotumika viwandani, vilivushwa Kasindi kuelekea Uganda na Kenya, dhahabu nayo ikafuata njia hizohizo, kisha lori likarudi na vitambaa, mafuta na vipuri. Serikali ilipobatilisha noti za zaire 5 na 10 mwishoni mwa Desemba 1979 na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha, somo liliingia kila nyumba kwamba akiba ya kweli ni bidhaa, gari, au neno la mtu mwaminifu.

Neno hilo lilipatikana kwa uanafunzi. Kijana wa ukoo wa tajiri, au mtoto wa muumini mwenzake, alianza kwa kufagia na kubeba mizigo, akapanda lori kama msaidizi wa dereva, akajua bei za kila kituo na ni nani hulipa na ni nani hukawia, kisha akaachiwa kaunta. Baada ya miaka, mkubwa wake alimkabidhi bidhaa bila kulipa, auze na kurudisha fedha, na akirudisha mara kadhaa bila upungufu alipewa nyingi zaidi, hadi akafungua duka lake akiendelea kuchukua mali katika ghala lilelile. Mkataba haukuandikwa, na mwenye ghala hakudai hisa katika duka la kijana, lakini hatari aliibeba yeye. Safari za Dubai, na baadaye za Hong Kong na Guangzhou, ziliupanua utaratibu huo: wafanyabiashara kadhaa waliunganisha fedha zao kuagiza makontena, kila mmoja akishika aina yake ya bidhaa, na wauzaji wadogo wakapokea mali kwa ahadi. Ilikuwa shule, na ilikuwa nzuri, kwa kuwa ilifundisha kazi nzima kuanzia ufagio hadi mkataba wa meli. Ila haikuwa na tangazo la kuomba nafasi, na asiyezaliwa karibu nayo hakuijua hata njia ya kuifikia.

Waliokosa nafasi hiyo kwa wingi kuliko wote walikuwa wanawake, na ukosefu huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu bila kazi yao mtaji wa kwanza wa Lubero usingekuwapo. Wao ndio waliolima na kuvuna maharage na viazi vilivyojaza malori, na wengi ndio waliovifikisha sokoni. Desturi ya kurithi ardhi kwa upande wa baba iliwaacha bila shamba la jina lao, na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilithibitisha kwamba mke hawezi kufanya tendo la kisheria linalomfunga yeye binafsi bila idhini ya mumewe, hivyo mkopo na mkataba vikategemea saini ya mtu mwingine. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey, aliyefanya utafiti Kisangani na kuuchapisha mwaka 1987, aliwakuta wanawake wafanyabiashara wakisonga mbele licha ya hayo, na akaonyesha jinsi wale wasiofungwa na ndoa walivyokuwa na uhuru zaidi wa kuendesha fedha zao. Ni ushahidi mzito dhidi ya sheria hiyo: uwezo ulikuwapo, na sheria iliuadhibu pale ulipokuwa ndani ya ndoa.

Wanawake walijijengea sanduku lao. Likirimba, yaani mchezo wa kuchangishana ambamo kila mwanachama hupokea kwa zamu fedha ya wote, uliwapa wauza mboga fungu la kununulia mzigo mzima kwa mara moja. Baadaye zikaja mutuelle za mshikamano zinazoitwa MUSO, na vikundi vya akiba na mikopo vya kijijini vinavyoitwa AVEC, ambavyo asili yake ni kazi ya shirika la CARE na wanawake wa Niger mwaka 1991. Tofauti kati ya vikundi hivi na ghala la tajiri ni kwamba ndani ya kikundi mwanamke haombi tu, bali huketi na kuamua pia: hushika ufunguo na daftari, huuliza mwenzake atalifanyia nini fungu lile, na hujifunza kukataa. Udhaifu wake ni udogo, kwa kuwa sanduku la wauza mboga 20 au 25 haliwezi kununua lori. Sheria ya Julai 2016, iliyorekebisha Sheria ya Familia na kuondoa idhini ya mume, ilifungua mlango wa ofisi, ingawa mlango wa ghala haufunguliwi na bunge.

Wengine walibaki nje kwa sababu nyingine. Katika eneo la Beni wanaishi Watalinga na Wambuba, na msituni Wambuti, ambao waliuza nyama na mazao ya msitu kwa wafanyabiashara bila kuingizwa katika uanafunzi wa biashara yenyewe. Mtandao uliojengwa juu ya ukoo, lugha na kanisa ulikuwa na nguvu kwa sababu ulikuwa mwembamba: kila mmoja alijua familia ya mwenzake na aibu ya kutolipa ilimfikia mdaiwa hadi nyumbani. Haki inataka isemwe pia kwamba wembamba huo ndio uliouokoa mji wakati serikali haikuwapo. Katika vita vya baada ya mwaka 1998, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walikubaliana na uongozi wa RCD-ML, kundi la waasi la Mbusa Nyamwisi lililotawala eneo hilo, kutanguliza malipo ya kodi ili wapunguziwe ushuru mpakani Kasindi, na fedha za matajiri wa mji zilielekezwa pia kwenye umeme na uwanja wa ndege. Lakini kundi la watu wachache lililoamua ushuru liliamua pia ni nani anaweza kushindana nalo, na muuzaji mdogo hakuulizwa.

Mlango wa pili ulikuwa elimu. Kuanzia mwaka 1971 vyuo vikuu vyote vya Zaire viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, na hata baada ya chuo hicho kugawanywa mwaka 1981, kijana wa Lubero aliyetaka shahada alipaswa kwenda Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa. Serikali iliporuhusu vyuo binafsi mwaka 1989, Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia mwaka 1966 hadi 1997, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo, na mwaka 2007 kikafuata chuo cha Kikristo cha lugha mbili mjini Beni, UCBC, cha David Kasali. Binti wa muuza viazi sasa aliweza kusoma uchumi bila kuondoka kwao. Hata hivyo chuo na ghala viliishi bega kwa bega vikifahamiana kidogo mno: mhitimu alijua kuandaa mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, huku mamlaka ya kutoa bidhaa kwa imani yakibaki kwa watu waliojifunza kwenye lori.

Mipango ya karibuni imeelekea zaidi upande wa anayeomba. Mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia biashara ndogo na za kati, uliopitishwa mwaka 2018 kwa dola milioni 100 na kuwalenga hasa wanawake na vijana, ulianza na Kinshasa, Lubumbashi, Matadi na Goma. Butembo, mmoja wa miji mikuu ya biashara katika Kivu ya Kaskazini, haukuwa miongoni mwa hiyo minne. Mwaka huohuo Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti na haikuisha hadi Juni 2020, ikiwa juu ya mauaji yaliyoanza Beni Oktoba 2014; na mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga, lango la kusini la Lubero, lilitekwa na waasi wa M23, barabara ya mboga kuelekea Goma ikakatika mikononi mwa pande mbili. Katika hali hiyo imani huzidi kubana, kwa kuwa mwenye ghala anayeogopa humkabidhi mali mtu wa nyumbani tu, na masanduku ya akina mama hutawanyika pamoja na wanaokimbia.

Ufadhili wa mafunzo kama ule wa Marekani ukija Graben au UCBC utakuwa na vya kutosha vya kurithi, ikiwa hautaletwa kama kitu kigeni. Uanafunzi wa lori unaweza kufunguliwa kwa wasio na ukoo sokoni, wakiwamo binti wa Musienene huko Lubero na kijana wa Kimbuti. Daftari la MUSO linaweza kusomwa darasani kama hati ya mtaji. Na mwanafunzi anaweza kuwekwa kando ya meza siku ambayo wafanyabiashara wanagawana kontena, akiwa na sehemu ndogo ya shehena ambayo yeye ndiye anayeamua itakabidhiwa muuzaji gani.