Kwa Nini Pedeli za Bomang'ombe Hazina Mikanda

Pale Bomang'ombe, barabara ya Sanya Juu inapoachana na ile kuu ya Arusha na Moshi, tazama miguu ya wapanda baiskeli badala ya mizigo yao. Mmoja kavaa ndala, mwingine katambuga za tairi, wa tatu raba. Pedeli zao ni za aina moja: vipande viwili vya mpira kwenye ekseli, bila mkanda wala kishikio cha vidole. Wapo wanaoona hapo dalili ya kuachwa nyuma, maana Wazungu walianza kufunga miguu kwenye pedeli zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kuhusu miaka wana haki. Lakini mkanda ule haukutengenezewa mguu wa kila mtu. Ulitengenezewa kiatu fulani na kazi fulani, na asiye na kiatu hicho wala kazi hiyo hajakosa kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa mashindano. Mguu unaozungushwa kwa kasi huruka kutoka kwenye pedeli, kwa hiyo mafundi wakabuni kipande cha chuma cha kukumbatia ncha ya kiatu, na mkanda wa ngozi wa kukibana. Jina lililodumu kwenye vishikio hivyo ni Christophe, la Mfaransa Eugène Christophe. Ndiye yule ambaye katika mashindano ya Tour de France ya 1913 alivunjikiwa uma wa mbele kwenye milima ya Pyrenees, akatembea na baiskeli yake hadi Sainte-Marie-de-Campan, akauunga mwenyewe katika karakana ya mhunzi. Waamuzi wakamwadhibu kwa sababu kijana mmoja alimvutia mvukuto. Viatu vya mbio vilikuwa vya ngozi, soli ngumu, na chini yake kipande chenye mfereji kilichong'ata ukingo wa pedeli. Ili kushuka, ilibidi kwanza uiname ulegeze mkanda. Kwa vifaa hivyo mwendesha mbio Eddy Merckx aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja mjini Mexico, 1972. Mwaka 1984 ikaja pedeli ya Look inayonasa kiatu bila mkanda, na mwaka uliofuata mwendesha mbio Bernard Hinault akashinda nayo Tour de France. Look walikuwa watengenezaji wa vifungo vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, mchezo ambao hata sisi tunaoiona theluji ya Kibo hatuna habari nao.

Baiskeli zilizozoeleka kwetu zilikuwa za ukoo mwingine: Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, na Swala ya hapa nchini. Hizo ni baiskeli za kwenda kazini na kubeba mzigo, na pedeli yake ya mpira inapokea kiatu chochote, hata mguu mtupu. Anayeteremka kutoka Masama kwenda Kwa Sadala na mkungu wa ndizi kwenye keria hutegemea mguu wake kuwa breki ya akiba, na akisimama ghafla, mguu ndio stendi. Akipanda, mlima ukimshinda, hushuka akasukuma. Mguu uliofungwa ungemwangusha pamoja na mzigo.

Atakuja mtu aseme kwamba mlimani mkanda huongeza nguvu, kwani mguu unaopanda nao huvuta. Jambo hilo limepimwa. Uchunguzi wa maabara uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waendeshaji waliovuta pedeli juu kwa makusudi walitumia nguvu za mwili nyingi zaidi kwa kazi ileile. Faida iliyobaki ni mguu kutoteleza, nayo si ndogo kwa kijana wa mbio anayechomoka mwishoni, au kwenye njia ya mawe. Huyo, mkanda unamfaa, mradi aache kuuchagua kwa kuangalia baiskeli.

Aangalie kiatu. Vishikio hutengenezwa vidogo, vya kati na vikubwa. Kinachofaa ni kile kinachoweka sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole, juu ya ekseli, huku ncha ya kiatu ikiacha nafasi kidogo isiguse chuma. Kikiwa kifupi, mguu unarudi nyuma na vidole ndivyo vinavyokanyaga. Upana nao una neno: miguu iliyokua bila viatu vya kubana mara nyingi huwa mipana mbele, na vishikio vingi vilipimwa kwa kiatu chembamba cha Ulaya. Mwenye mguu wa namna hiyo atafute kishikio kipana chenye mkanda mrefu, aupindishe mara moja ndani ya pedeli usiteleze, na bizimu ikae upande wa nje mkono uifikie. Anayepita katikati ya magari kila siku atumie nusu kishikio, kisicho na mkanda kabisa. Na mwenye ndala abaki na mpira wake.