Safu ya Lugha: Magofu na mahame

Siku hizi kila palipobomolewa huitwa magofu. Hata Africville, kijiji cha Weusi pembezoni mwa Halifax nchini Kanada, nimekuta kimeandikiwa "magofu". Magofu gani? Gofu ni jengo lililochakaa au kubomoka lakini kuta zake zingalipo, kama yale ya Kilwa Kisiwani. Africville hapakubakizwa ukuta: katika miaka ya 1960 manispaa ilivunja nyumba za watu, na kanisa lao likaangushwa usiku, mwaka 1967.

Neno linalofaa ni mahame, litokalo kwenye kitenzi hama: mahali palipokaliwa na watu ambao sasa hawapo. Jengo si hoja. Hata uwanja mtupu huwa mahame. Ila tuwe macho na kitenzi chenyewe. Wakazi wale, waliolipa kodi bila kuletewa maji ya bomba, hawakuhama. Walihamishwa, tena wengine vyombo vyao vikapakiwa kwenye malori ya taka. Jiji la Halifax liliomba radhi mwaka 2010. Basi ndugu mwandishi, ukisimulia habari zao, andika "mahame", lakini usithubutu kuandika "walihama".